Alama Juu ya Mawe: Urithi wa Watu wa Kale



Mtu wa Kombani ajua kazi ya jiwe. Tangu zamani watu wa pwani wamejenga kwa mawe ya matumbawe, na fundi hulichonga jiwe lipate kukaa sawasawa ukutani. Lakini yako mawe mengine katika Kenya yaliyochongwa si kwa kujengea, bali kwa kuwekea kumbukumbu.

Karibu na Lokori, kusini mwa nchi ya Waturkana, pana makaburi ya kale yaitwayo Namoratunga. Yamezungushiwa mawe yaliyosimamishwa wima, na juu ya baadhi ya mawe hayo, na ya miamba iliyo jirani, zimechongwa alama nyingi. Wachongaji waligonga jiwe kwa jiwe, pigo baada ya pigo, hata ngozi nyeusi ya mwamba ikabanduka na rangi nyeupe zaidi ikaonekana.

Katika miaka ya 1970 wataalamu Lynch na Robbins walizichunguza alama hizo, wakakadiria kwamba makaburi yana umri wa miaka ipatayo 2,300. Walipozilinganisha na chapa za mifugo ya Waturkana, waliona kwamba nyingi zafanana. Mfugaji wa Kinango atafahamu maana yake upesi, kwani chapa humtambulisha mwenye mali. Yaelekea kwamba waliozikwa hapo walikuwa wafugaji, nao hawakuacha maandishi mengine.

Basi mawe hayo ni kitabu chenye nakala moja tu. Nyumba ikibomoka yaweza kujengwa tena, lakini alama ikivunjwa haisomeki tena milele. Na haihitaji mharibifu mwenye nia mbaya. Mgeni akipaka chaki apate picha nzuri, mchungaji akiwasha moto chini ya mwamba, au kijana akichora jina lake kando ya kazi ya wazee, madhara ni yale yale.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huihesabu michoro iliyochongwa katika mwamba kuwa miongoni mwa kumbukumbu zinazoweza kutangazwa na kulindwa, na kuiharibu kumbukumbu iliyotangazwa ni kosa. Walakini sheria haina macho. Walinzi wa kweli ni watu wakaao karibu.

Jambo hilo si geni Kwale. Kaya Kinondo, iliyo upande wa Diani, iliingizwa mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msitu huo ulikuwapo wa kuorodheshwa kwa sababu wazee walikuwa wamekwisha kukataza ukataji wa miti vizazi vingi kabla.

Kwa hiyo, mkulima au mchimba mawe akikuta jiwe lenye alama za kale, asilisogeze wala asilisugue. Na ampashe habari chifu wake, au Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa.