Kwa nini mtu huenda kufanya kazi ugenini: Waafrika Mashariki wa Blaine, Minnesota

Kaskazini mwa miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, upo mji uitwao Blaine. Sensa ya mwaka 2020 iliuhesabia wakazi zaidi ya elfu 70. Mji huu hauna bandari wala mgodi wa dhahabu, na usiku wa Januari baridi yake hushuka nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri. Wapenzi wa soka huufahamu kwa viwanja vya National Sports Center, ambako kila Julai vijana kutoka nchi mbalimbali hushindania USA Cup. Hata hivyo, katika mji huo na vitongoji jirani kama Brooklyn Park na Coon Rapids, wamefanya maskani Wakenya, Wasomali na Waafrika Mashariki wengine. Je, ni jambo gani linalomtoa mtu Kisii au Mombasa na kumpeleka kufanya kazi katika mji wa theluji ambao jina lake hakupata kulisikia utotoni?

Jibu la haraka ni fedha, na jibu hilo si la uongo. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Minnesota kilikuwa dola 11 na senti 13 kwa saa. Ujira wa siku moja kwa kiwango hicho unakaribia dola 90, na wako wafanyakazi wengi Afrika Mashariki wasioupata kwa wiki nzima. Lakini kama fedha zingekuwa sababu pekee, maskini kuliko wote ndio wangekuwa wa kwanza kuondoka, na sivyo mambo yalivyo. Nauli, ada za viza na vyeti vinagharimu, na asiye na kitu hafiki hata uwanja wa ndege.

Mwaka 1966 mtaalamu Everett Lee alieleza kuwa uhamaji hutegemea mambo manne: hali ya kule mtu anakotoka, hali ya kule anakokwenda, vikwazo vilivyo katikati, na tabia ya mhamaji mwenyewe. Mwaka 1985 Oded Stark na David Bloom waliongeza hoja ambayo kila mwana wa Afrika Mashariki ataitambua, nayo ni kwamba mara nyingi anayeamua si mtu mmoja bali familia nzima. Shamba laweza kukosa mvua, na mshahara wa mwalimu waweza kuchelewa. Mwana mmoja akiwa ughaibuni, familia huwa na akiba mahali ambapo ukame wa nyumbani haufiki. Ndiyo maana harambee ya nauli huchangiwa na wajomba, mashangazi na majirani. Anayepanda ndege amebeba matumaini ya wengi, na pia deni lao.

Historia nayo ina funzo. Mwezi Septemba mwaka 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Mwaka 1960 alifuata Wangari Maathai, aliyesoma katika jimbo la Kansas na kurejea Kenya mwaka 1966. Wengi wa kizazi hicho walirudi, kwa kuwa nchi changa zilizopata uhuru zilikuwa na viti vilivyowangojea. Katika miaka ya 1980 na 1990 mambo yaligeuka. Serikali zilibanwa na masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani, ajira za umma zikapunguzwa, na mwenye shahada akaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti mkononi. Njia ya kwenda ilikuwa ile ile, ila mlango wa kurudia ulikuwa umekuwa mwembamba.

Wakati huo huo mlango mwingine ulifunguliwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ilianzisha bahati nasibu ya viza, iliyomtaka mwombaji awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kwa njia hiyo walipita walimu, makarani na mafundi. Mwezi Desemba mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuusitisha mpango huo, na familia nyingi zilizokuwa zikiutegemea zikabaki njia panda.

Kuhusu swali la kwa nini ni Blaine na si kwingineko, sababu yake kubwa ni jamaa. Aliyetangulia humpokea shemeji, shemeji humwita binamu, na mgeni hupata godoro, koti zito na mtu wa kumwelekeza penye kazi. Jumuiya ya Wakisii wa Minnesota imekua kwa mnyororo kama huo. Uzito wake ulionekana mwezi Novemba mwaka 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia katika bunge la jimbo hilo.

Kazi inayowangojea wengi ni kutunza wazee na wagonjwa. Wamarekani waliozaliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili wamezeeka, na waliozaliwa mwaka 1946 wanatimiza miaka 80 mwaka 2026. Sheria ya nchi hiyo inamtaka muuguzi msaidizi wa nyumba za wazee apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, nayo humalizika katika wiki chache. Kwa hiyo aliyekuwa mwalimu wa hesabu hujikuta akimgeuza mzee kitandani usiku wa manane. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa msemo huo umetimia barabara.

Lakini ndipo penye uchungu. Mtu anayewalisha na kuwaogesha wazazi wa wengine huwa na mama yake mwenyewe ng'ambo ya bahari, anayetunzwa na msichana wa kazi anayelipwa kwa fedha zitokazo Blaine. Ameondoka ili aweze kumtunza mzazi, na kwa kuondoka amekosa nafasi ya kumtunza kwa mikono yake.

Fedha hizo si haba. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Tangu tarehe 1 Januari 2026, Marekani inatoza kodi ya asilimia moja kwa fedha zinazotumwa nje kwa pesa taslimu, ilhali anayetuma kwa akaunti ya benki au kadi ya malipo iliyotolewa nchini humo hatozwi. Ni vyema wanaotuma wakalijua hilo.

Msikilizaji, sababu iliyompeleka mtu ugenini mara nyingi siyo inayomweka huko. Wengi huaga wakisema ni miaka mitano. Kisha watoto huanza shule, mkopo wa nyumba huchukuliwa, na miaka mitano huwa ishirini. Kwa hiyo familia inayopanga safari ingefaa ijadili mapema mambo ambayo harambee huyasahau: ni kiasi gani kitatumwa bila kumkamua msafiri, nani atakaa na wazee, na ni jambo gani likitimia ndipo arudi. Na kwa serikali zetu za Afrika Mashariki liko swali zito zaidi. Mtu huhesabiwa kuwa amechagua kwenda pale tu ambapo angeweza pia kuchagua kubaki. Kwa wengi walioko Blaine leo, uchaguzi huo wa pili haukuwapo mezani.