Injini Hazihesabiwi Bandani



Shirika la reli linapoamua kuwa na injini ngapi za kuvuta mizigo, haliangalii tu zilizomo bandani. Hupima mambo matatu: mizigo ni tani ngapi, injini moja huvuta kiasi gani, na safari ya kwenda na kurudi huchukua siku ngapi.

Chukueni mfano. Treni 4 zikiondoka kila siku, kila moja na injini yake, na injini ikawa tayari kuondoka tena baada ya siku 6, zinahitajika injini 24. Iwapo katika kila injini 5 moja imo karakana, idadi hupanda hadi 30. Safari ikichelewa hadi siku 9, zitatakiwa 45 kwa mizigo ile ile.

Reli ya Uhuru, TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976. Ilikusudiwa kubeba mizigo mingi kwa mwaka. Lakini injini zake za kwanza kutoka China zilielemewa na milima kati ya Mlimba na Makambako. Mwaka 1983 zikaletwa zenye nguvu zaidi kutoka Ujerumani Magharibi.

Basi, kabla taifa halijakopa fedha za kigeni kununua injini, karani wa bandari aharakishe upakuaji na fundi aagize vipuri mapema. Katika mfano huo, kila siku moja inayookolewa safarini ni sawa na injini 5 zisizonunuliwa.