BIASHARA NA HIFADHI YA MAZINGIRA: MFANO WA KARIAKOO

(Maandishi ya mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo wadogo)



Bidhaa nyingi zinazouzwa katika maduka ya Unguja na Pemba hununuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, zikapakiwa botini na kuteremshwa Malindi. Kwa hivyo yanayotokea katika soko lile yanavihusu visiwa hivi moja kwa moja, na mfuko wa plastiki ni ushahidi wa kutosha.

Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006. Rwanda ilifuata mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kwa zaidi ya miaka 12, basi, kilichokuwa kosa Darajani kilikuwa halali Kariakoo, na masafa baina ya sehemu mbili hizo ni mwendo wa boti wa saa mbili hivi.

Marufuku ya Bara ilipoanza, vijana waliokuwa wakitembeza mifuko ya rambo katika mitaa ya soko hawakukaa bure. Walishika mifuko mbadala ya kitambaa chepesi na kuendelea kuwaita wateja pale pale. Mfuko huo ulipata wanunuzi kwa sababu hukunjwa ukaingia mkobani, hufuliwa, na hubeba mchele na nazi bila ya kukatika. Mwanamke aliyeununua Jumatatu aliweza kurudi nao Alkhamisi.

Hata hivyo, ni haki kusema na upande wa pili. Mingi ya mifuko hiyo nayo imetengenezwa kwa nyuzi zenye asili ya plastiki. Aidha, wapo watengenezaji walioufanya mwepesi kuliko kiwango kilichowekwa cha gramu 70 kwa mita ya mraba, ukawa unachanika siku ya kwanza. Kisha vifungashio laini vinavyoangaza, vilivyoruhusiwa kwa kufungia vyakula viwandani, vikageuzwa vibebeo, na mwaka 2021 Serikali ililazimika kuvikataza kwa matumizi hayo. Sababu yake haikuwa ukaidi mtupu. Anayenunua fungu dogo la nyanya hatonunua mfuko unaokaribia bei ya nyanya zenyewe. Lakini mfuko laini anaopewa bure huishia mtaroni, na mitaro ya Kariakoo huteremka kuelekea Jangwani na Mto Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba.

Mfano wa pili umo Gerezani, jirani na soko, kwa mafundi wanaogonga vyuma chakavu wakatoa majiko, masanduku na karai. Jiko bora, lenye ndani ya udongo wa kuchoma, lilianza kuenezwa Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, likifuata jiko la namna hiyo lililokwisha kuenea Kenya. Lilikubalika upesi. Fundi hakuhitaji nyundo mpya, na mpishi hakuhitaji sufuria mpya. Alichokiona ni kwamba mkaa wa siku moja umebaki.

Gesi imekwenda polepole zaidi, maana mkaa hununuliwa kwa kopo, ilhali mtungi hujazwa kwa mkupuo mmoja. Mwenye pato la kutwa hana fedha hizo asubuhi. Kampuni zilizofunga mita kwenye mtungi, mteja akalipa kidogo kidogo kwa simu, ziliuelewa mfuko wa mnunuzi wao. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na haielekei kufikiwa bila ya biashara za aina hiyo.

Sasa kikapu cha ukili. Wasukaji wa visiwani wanacho, kinadumu, na kikichakaa huoza kikarudi udongoni. Lakini hakikunjiki, hushika ukungu wakati wa masika, na maji ya samaki hukiharibu. Mteja wa Kariakoo hukisifu, akanunua mfuko wa kitambaa. Msukaji atakayekifanya bapa, chenye kukunjika, na kukitia ndani kitambaa cha kufulika, atakuwa na cha kuwapa vijana wale wa sokoni. Boti za kwenda Dar es Salaam zinaondoka kila siku.