Hotuba ya Mweka Hazina Siku ya Harambee: Mistari Miwili ya Hesabu Zetu



Tumepewa nafasi ya kusoma mapato na matumizi. Hesabu zenyewe zimechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, zimekaguliwa, na mwenye swali atatukuta chini ya mti baada ya chakula. Tunaomba muda huu tuutumie kueleza mistari miwili tu, ule wa machujio ya maji na ule wa chanjo ya ndama, kwa sababu hapo ndipo fedha zenu zilipopotea na ndipo tunapoomba tena.

Tuanze na aibu yetu. Miaka minne iliyopita tulinunua machujio ya maji kwa ajili ya shule ya msingi na zahanati. Tulikata utepe, tukapiga picha, tukala pilau. Kwenye vitabu tuliyaandika kama mali ya Umoja, na kila mwaka tukapunguza thamani yake kidogo kama tulivyofundishwa chuoni. Mwaka jana kijana wetu mmoja anayesoma mambo ya maji alichukua sampuli kwenda maabara. Maji yaliyotoka kwenye chujio yalikuwa sawa na yaliyoingia. Mkaa wa ndani ulikuwa umeshachoka zamani na hakuna aliyewahi kuubadilisha. Kwenye leja mali ipo, kwenye kikombe cha mtoto hakuna kitu.

Sisi tuliozaliwa kwenye mteremko huu wa Meru hatuhitaji kufundishwa floridi ni nini. Tukicheka inaonekana. Huko mjini tumezoea kuulizwa kama tunavuta sigara. Meno ya kahawia ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Wazee wetu waliopinda miguu na mgongo ndio wanaojua sehemu nzito. Floridi inatoka kwenye miamba ya volkano, inayeyuka ndani ya maji, haina rangi, haina harufu. Mama anayechemsha maji anaua vijidudu, na afanye hivyo, lakini floridi haiondoki: maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa nasi tumefika kwenye 1.5.

Dawa ya jambo hili imetafutwa hapa hapa kwetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulikia mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi, kwenye joto la kama nyuzi 400 hadi 500, halafu inasagwa chembe chembe. Madini yaliyo kwenye mfupa yanaivuta floridi na kuishika. Joto likiwa dogo, maji yananuka na hakuna atakayeyanywa. Likizidi sana, mkaa unapoteza nguvu ya kushika. Ndugu zetu Waislamu wamewahi kutuuliza mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi. Ni swali la haki, na safari hii jibu litaandikwa kwenye chombo chenyewe.

Tunaye pia Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, mzaliwa wa Karatu, ambaye chujio lake lilipata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Kilichotuvutia sisi wahasibu kuliko tuzo ni mpango wake wa vituo: mtu anakabidhiwa chujio, anauza maji safi kwa bei ndogo, na kwa hiyo ana sababu ya kulitunza. Sisi machujio yetu tuliyagawa bure, na funguo tukamwachia mwalimu mkuu ambaye alihamishwa.

Chombo hakikuwa na kosa. Mkaa wa mifupa unajaa kama gunia linavyojaa, na ukishajaa hakuna dalili, maji yanaendelea kutoka meupe vile vile. Bila kupima na bila kubadilisha, umenunua ndoo. Sisi hatukutenga hata shilingi ya kupima.

Mstari wa pili ni wa ng'ombe. Mama mmoja wa kwetu alipewa mtamba wa maziwa kupitia mfuko wa Umoja. Ng'ombe alizaa vizuri. Ndama akavimba matezi chini ya sikio, akapata homa, akaanza kupumua kwa shida, povu likamtoka puani. Dawa ya ndigana kali ipo, ila ni ghali na inataka kuwahiwa. Ilipofika, ndama alikuwa ameshakufa. Tuliandika hasara ile kwa mstari mmoja. Yeye alikuwa amepanga kumuuza ndama yule alipe ada.

Chanjo ya ndigana kali iliundwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970, na watafiti wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Namna yake ni ya ajabu kidogo: ng'ombe anachomwa vimelea vilivyo hai, vya ugonjwa wenyewe, vilivyotolewa kwenye kupe wa masikio, na saa hiyo hiyo anachomwa antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo sana au haugui kabisa, mwili unajifunza, na kinga inadumu miaka. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini walianza kuipokea kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwao ng'ombe mwenye hereni ya chanjo ana bei nzuri mnadani.

Kwa nini basi haifiki kwetu? Inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja kwa miaka mingi umekuwa na dozi kama 30 hadi 40, na ukishayeyuka lazima uishe ndani ya saa chache. Haurudishwi kwenye mtungi. Kule ufugaji ni wa makundi makubwa, mchanjaji akifika boma moja mrija umeisha. Sisi tuna ng'ombe wawili hapa, mmoja pale, kila mmoja zizini kwake. Hakuna mchanjaji atakayepanda mlima kwa ndama wa mtu mmoja. Ila tukiandikishana na kuwaleta siku moja, penye josho la zamani, inawezekana. Daktari wa mifugo wa kata ametuambia hivyo, na ametuonya tusiache kuogesha: chanjo hii haizuii ndigana baridi wala mkojo mwekundu.

Kwa hiyo fedha za mwaka huu tunaziomba hivi. Hatutanunua chujio jipya hata moja mpaka yale ya zamani yabadilishiwe mkaa na kupimwa. Sehemu ya michango itakaa kwenye akaunti ya peke yake, kwa ajili ya vipimo vya maji kila muhula na mkaa mpya, na majibu ya maabara yatabandikwa ukutani pa zahanati, yawe mazuri au mabaya. Sehemu nyingine italipia nusu ya chanjo ya kila ndama atakayeandikishwa. Mwenye ndama atalipa nusu yake. Tunajua wako watakaosema Umoja ungetoa yote. Tulitoa yote kwenye machujio.

Hakutakuwa na utepe wala kibao chenye jina la mfadhili. Mezani kuna madaftari mawili, la bluu ni la maji, la kijani ni la ndama. Mkitoa ahadi chukueni stakabadhi, na mwenye ndama aandike na umri wake, maana mchanjaji ameomba orodha kabla ya mvua kuanza.