Mji Usitawanyike



Nimeombwa niseme machache juu ya mji uliotulea. Nitasema neno moja: Mpanda isijengwe kwa kutawanyika.

Reli kutoka Kaliua ilifikishwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa, reli ikabaki. Ndivyo ilivyo mistari inayochorwa ardhini: humzidi umri aliyeichora. Mipaka ya viwanja tunavyopimiwa leo wataikuta wajukuu zetu.

Nasi tunaongezeka. Sensa ya 2012, mwaka uleule Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958.

Ndugu zangu, tupige hesabu ya darasani. Chukueni barabara ya kilomita moja yenye viwanja pande zote mbili. Kiwanja kikiwa na upana wa mita 40, zitakaa nyumba 50. Kikiwa na mita 20, zitakaa 100. Barabara ni ileile na bomba la maji ni lilelile, ila wanaochangia gharama ni mara mbili. Tena basi dogo litapata abiria. Mtaa wa nyumba zilizoachana haupati basi. Hupata bodaboda, na mama mwenye kikapu cha mboga hulipa nauli peke yake au hutembea juani.

Mpango wa Mji Mkuu Dodoma wa 1976 ulitaka makazi yapangwe kufuata njia ya mabasi, watu wafike kituoni kwa miguu. Dar es Salaam ilipata mabasi yaendayo haraka Mei 2016, mji ukiwa umekwisha kutambaa mbali. Sisi bado tunayo nafasi.

Wapo watakaosema ardhi ni tele. Ni kweli, lakini ardhi hiyo ndiyo inayotupa mpunga, mahindi na asali.

Tusiwatupie mzigo wakubwa peke yao. Wamo humu wenye viwanja katikati ya mji vilivyoota nyasi, wakingoja bei ipande. Kila kiwanja kinacholala humsukuma kijana akajenge mbali zaidi. Mwenye kiwanja karibu na stesheni au soko, ajenge, na akiweza aongeze ghorofa apangishe. Asiyeweza, amwuzie atakayejenga. Na tuiombe Manispaa itenge njia za waendao kwa miguu kabla ya kupima viwanja vipya.