Kuongoza Huku Moyo Unasitasita
Mhadhara wa umma, Rayners Lane, London



Mlioniita mlitaka niwaambie kiongozi afanye nini ili wasiwasi umtoke. Sitaweza, na hata ningeweza nisingependa.

Huku Harrow tunawajua wenyeviti wa jumuiya zetu ambao hawakuutaka uenyekiti. Wengine walichaguliwa kwa kosa la kutokuwepo kikaoni. Usiku simu inalia: kuna maiti wa kusafirishwa Tanga au Mombasa. Mtu huyo anaanza kukusanya michango na kuhangaikia vibali, huku moyoni anajiuliza, mimi ni nani hata niwaambie watu wazima la kufanya?

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana, ilhali wenyewe waliamini wamefika kwa kubahatisha na ipo siku wataumbuliwa. Tangu hapo vitabu vya kujiamini vimejaa madukani. Vingi vinaichukulia shaka kama maradhi ya mtu binafsi. Lakini aliyekuwa mwalimu Kampala, akafika hapa akakabidhiwa ufagio, hakuzaliwa na shaka ile. Alifundishwa, tena kila siku.

Mfano hauko mbali. Pandeni treni ya Metropolitan hapa, mbadilishe Wembley Park, mshuke Dollis Hill. Maeneo yale ndiko kilikokuwa kiwanda cha Grunwick cha kusafisha picha. Wateja walituma filamu zao kwa posta, na kiangazi, watu wakirudi likizo, kazi ilikuwa haishikiki. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake wenye asili ya Kihindi waliotoka Afrika Mashariki. Mmoja wao, Jayaben Desai, alizaliwa Gujarat mwaka 1933, akaishi Tanganyika, kisha akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kimo chake hakikufika futi 5.

Tarehe 20 Agosti 1976 aliamriwa abaki kufanya ovataimu. Akachukua koti lake. Alimwambia meneja kwamba pale si kiwanda bali ni bustani ya wanyama: wamo nyani wanaocheza wakiamriwa, na wamo simba wanaoweza kumng'oa kichwa. Maneno hayo yamesimuliwa sana. Mimi navutiwa zaidi na yaliyofuata, ambayo hayana ngurumo yoyote. Yeye, mwanawe na wenzao walikuwa nje ya lango bila chama cha wafanyakazi, na hawakujua mgomo unaendeshwaje. Wakauliza. Wakaelekezwa kwa wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi wa Brent, wakajiunga na chama cha APEX, wakajifunza kazi wakiwa kazini. Alikuwa na hakika na jambo moja tu, kwamba mfanyakazi ni mtu na astahili heshima. Mengine yote aliyatafuta kwa wanaoyajua.

Hapo naona shaka mbili ambazo tumezoea kuzifunga kitita kimoja. Kuna ya kujiuliza kama unafaa, na kuna ya kujiuliza kama njia uliyoishika ni sahihi. Ya kwanza inamzungusha kiongozi mlemle ndani ya nafsi yake. Ya pili inamtoa nje, akawasikilize watu.

Mwalimu Nyerere aliifahamu hii ya pili. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga upya chama cha TANU. Mwaka 1977 alichapisha tathmini ya miaka 10 ya Azimio la Arusha na kutaja waziwazi yaliyoshindikana. Lakini katikati ya hapo, Novemba 1973, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mamilioni walihamishwa, na kuna waliochomewa nyumba wasije wakarudi. Najua wapo humu watakaonuna, ila nasema: kosa kubwa kuliko yote la utawala wake alilitenda akiwa hana shaka.

Basi mkutano mkuu wa jumuiya ukifika, msimuulize mgombea kama anajiamini. Muulizeni mara ya mwisho alimwomba nani ushauri, na alibadilisha nini baada ya kuupata.

Limebaki swali gumu zaidi. Kiongozi akiwatoa watu kazini kisha wakashindwa, je? Kiangazi cha 1977 maelfu walikuja kusimama na wagomaji wa Grunwick, na wafanyakazi wa posta wa Cricklewood wakagoma kugusa barua za kampuni. Tume ya uchunguzi ya Lord Scarman ikapendekeza wagomaji warudishwe kazini, kampuni ikakataa. Novemba Desai na wenzake wachache walifunga kula mbele ya makao makuu ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chama chao wenyewe kikawasimamisha uanachama. Julai 1978 mgomo ukaisha bila wagomaji kurudishiwa kazi.

Desai hakujificha. Alirudi kwenye cherehani, kisha akafundisha ushonaji wa mavazi ya Kiasia hapahapa, Chuo cha Harrow. Alipofika miaka 60 alifanya mtihani wa udereva, akapasi, akawahimiza wanawake wengine nao wajifunze kuendesha.