Watu 19 kwa Kilomita ya Mraba: Jiografia na Watu wa Ngorongoro

Kiwanja Moshono huuzwa kwa hatua, 20 kwa 20, na mnunuzi akisitasita wiki moja anakuta mwingine ameshamwaga mawe ya msingi. Kata iliyokuwa ya migomba na mahindi leo ni sehemu ya Jiji la Arusha. Mkoa huohuo una wilaya ambayo dereva anaweza kuendesha nusu saa asione paa la nyumba. Wilaya hiyo ni Ngorongoro, na mada hii inajenga hoja moja: takwimu inayotumika kuieleza inawapotosha wanaoipangia huduma na ardhi.

Sensa ya Agosti 2022 iliupa Mkoa wa Arusha watu 2,356,255. Jiji lilikuwa na 617,631. Ngorongoro, inayochukua zaidi ya theluthi ya eneo lote la mkoa, takriban kilomita za mraba 14,036, ilikuwa na watu 273,549. Ukigawanya unapata watu 19 na ushei kwa kilomita moja. Longido haiko mbali, 22 na ushei. Hapo ndipo ripoti nyingi huishia, na msomaji hubaki na picha ya nchi tupu.

Ila tuangalie miaka 10 ya nyuma. Mwaka 2012 Ngorongoro ilikuwa na watu 174,278 na Jiji la Arusha 416,442. Jiji limekua kwa asilimia 48. Ngorongoro kwa asilimia 57. Ni kweli kwamba kwa vichwa jiji limeongeza watu wengi zaidi, kama 201,000 dhidi ya 99,000. Lakini hao 99,000 nao wanahitaji zahanati, madawati na maji, tena katika wilaya ambayo makao yake, Loliondo, yako zaidi ya kilomita 300 kutoka Arusha mjini.

Kwa nini watu wametawanyika hivyo? Jibu linaanzia kwenye upepo. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huangusha mvua yake kwenye miteremko ya mashariki na kusini ya nyanda za juu za Ngorongoro, penye msitu mnene unaowapatia maji hata wakulima wa Karatu. Ukivuka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremka magharibi kuelekea Olduvai, nchi hukauka ghafla. Mlima Meru hufanya vivyo hivyo: kusini kahawa na migomba, kaskazini Ngarenanyuki na vumbi lake.

Juu ya yote kuna volkano. Loolmalasin hupita mita 3,600. Oldoinyo Lengai, mita 2,962, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava yenye asili ya magadi, na ililipuka kwa nguvu mwaka 2007. Majivu ya milima hii ndiyo yaliyotengeneza udongo wa nyanda za majani mafupi, chakula kizuri mno kwa mifugo na wanyamapori. Tatizo ni kwamba nyumbu huzalia hukohuko kati ya Januari na Machi, na ndama wao hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe na usio na tiba. Kwa hiyo mfugaji wa Kimasai huondoa ng'ombe wake nyandani wakati majani ni mazuri kuliko wakati wowote, akawapeleka milimani, na kurudi nyumbu wakishaondoka.

Ina maana boma moja linahitaji sehemu mbili, na mara nyingine ya tatu: ronjo, kambi ya muda ambako vijana hulala na mifugo kiangazi. Karani wa sensa na kishikwambi chake anaweza kufika bomani akamkuta bibi na watoto, huku nusu ya kaya iko mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Kilomita anayoiona tupu mwezi Agosti ina wenyewe mwezi Aprili.

Si wote wanaohama. Wasonjo, wanaojiita Batemi, wameishi kwa karne nyingi katika vijiji vya kubanana kama Samunge na Digodigo, wakigawana maji ya mifereji kwa zamu. Wako ndani ya wilaya hiyohiyo ya watu 19, lakini nyumba zao zimekaribiana kuliko za mitaa fulani ya Moshono. Samunge ndiko Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikotoa kikombe cha dawa kwa Sh500 mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu walifika, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na nchi nzima ikagundua kwamba hakuna barabara. Lami ya kilomita 49 kati ya Waso na Sale ilikuja miaka mingi baadaye.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, maana kugawanya watu kwa kilomita 14,036 ni kudhani kwamba zote zinakalika. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959, ina kilomita za mraba 8,292. Humo watu wanaishi, lakini kilimo kilizuiwa mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Juni 2022 zikatengwa kilomita 1,500 nyingine upande wa Loliondo, leo Pori la Akiba Pololeti. Uwekaji wa vigingi ulizua vurugu: askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa na wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya. Maeneo hayo mawili yakijumlishwa ni kama asilimia 70 ya wilaya.

Serikali ina hoja yake, na ina uzito: wakati hifadhi inaanzishwa wakazi wake walikadiriwa kuwa 8,000, kufikia 2022 walikuwa kama 100,000, mbali na mifugo yao. Kwa msingi huo kaya zilianza kuhamishiwa Msomera, Handeni, Juni 2022, miezi miwili tu kabla ya sensa. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi wa waliobaki wanasema huduma zilibanwa hadi hiari ikakosa maana. Inashangaza kidogo kwamba wilaya moja huitwa tupu inapoomba shule na kuitwa imejaa inapoomba malisho. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata na vijiji vya hifadhini kwenye orodha ya utawala. Wananchi waliandamana, na Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha tangazo hilo kwa muda.

Moshono imo katika hesabu hii. Walinzi wa nyumba zinazojengwa katani wengi ni vijana kutoka Longido, Monduli na Ngorongoro. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku wa kuamkia siku yenyewe, basi kijana aliyelala kwenye banda la saruji usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 ni mtu wa jiji kitakwimu, ingawa mshahara wake unanunua mahindi ya boma lililoko Malambo au Nainokanoka.

Hospitali ya Waso, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki miaka ya 1960, ilijifunza zamani kwamba mgonjwa wa huko hafuatwi kwa takwimu za msongamano bali kwa gari, ndege ndogo na huduma za mkoba. Shule shikizi, yaani matawi ya shule yaliyo karibu na kaya, zimefuata njia hiyo. Halmashauri zinaweza kufanya zaidi. Mada hii inapendekeza mambo mawili: fedha za afya na elimu za wilaya za wafugaji zikokotolewe kwa umbali wa kaya hadi huduma, pamoja na idadi ya watu, na sensa ya 2032 imuulize kila anayelala mbali na kaya yake boma lake liko wapi na hukaa huko miezi gani.